Mtoa Mada Achaguliwe na Wasikilizaji

Kamati ya maandalizi inapokutana kupanga mkutano wa mwaka wa chama, aghalabu jambo la kwanza kuulizwa ni nani atakuwa mgeni rasmi, na la pili ni nani atapika. Suala la nani atatoa mada, na atazungumza juu ya nini, huachwa hadi juma la mwisho. Hapo hukabidhiwa yule aliye karibu, au yule ambaye kumnyima kipaza sauti kungeonekana utovu wa adabu. Wanachama hujulishwa siku yenyewe. Hukaa vitini tangu saa tatu asubuhi, hupiga makofi panapostahili, na jioni hurejea makwao wakiwa wameshiba wali lakini hawana neno jipya la kufanyia kazi.

Hasara hiyo si ndogo. Mama anayetoka Muyinga kwenda Gitega kwa barabara ya Karuzi ameacha soko lake, amelipa nauli, na amemwomba jirani amtazamie watoto. Katika familia za askari na polisi, ambamo mara nyingi mmoja wa wazazi yuko kwenye kituo cha mbali, siku moja ya namna hiyo hupatikana kwa taabu. Ndiyo maana chama cha akiba au ushirika unaowaachia wanachama kuwachagua watoa mada kwa kura umeshika njia iliyo sawa, mradi kura hiyo ipigwe ipasavyo. Ikipigwa vibaya itamrudisha mtu yule yule ambaye kamati ingemteua, tofauti ikiwa ni kwamba sasa hakuna wa kumlalamikia.

Yafaa kwanza kumtenga mgeni rasmi na mtoa mada. Mgeni rasmi huja kwa cheo chake. Hufungua mkutano, huwasalimu watu, na dakika kumi na tano humtosha. Huyo hapigiwi kura, na kumpigia kura kungekuwa kumvunjia heshima bure. Mtoa mada huja kwa kile anachokijua. Vyama vingi huwachanganya wawili hao, na hapo ndipo saa tatu za mkutano zinapomezwa na hotuba.

Kisha kura ianze na swali kabla ya kufika kwenye jina. Mwanachama akiulizwa, “Unamtaka nani?” atamtaja mtu maarufu. Akiulizwa, “Jambo gani limekushinda nyumbani mwaka huu?” atatoa jibu lingine kabisa. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mwenye kiwanja au chumba cha kupanga mjini humo ana sababu ya kutaka kumsikiliza mjuzi wa hati za ardhi. Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, inapakana na Tanzania, na mpaka wa Kobero uko huko. Mwanamke anayevusha mchele au maharage hapo angependa kuelezwa jinsi ya kupata hati rahisi ya asili ya bidhaa, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiweka kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000. Wanachama wa pande zote mbili wanalima kahawa, nao hawatakosa maswali kuhusu mbolea na malipo. Maswali hayo yakikusanywa mwezi mmoja au miwili kabla, majina ya wanaoweza kuyajibu hujitokeza yenyewe. Mara nyingine jina hilo ni la mwanachama ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu.

Warundi wanaujua mwenendo huu tangu kale. Mushingantahe hakuwa mtu wa kujinadi. Wenzake wa kilimani walimtazama kwa miaka: anavyosema kweli, anavyotunza siri, anavyojizuia na pombe. Alijifunza kwa wazee, kisha akaapishwa hadharani, na mwenye kujua aibu yake alikuwa na nafasi ya kuisema. Jina lenyewe latokana na intahe, fimbo inayopigwa chini wakati wa kuamua shauri. Waliompa fimbo hiyo walikuwa wamekwisha kumsikia akizungumza. Ni vema mpiga kura wa leo naye apewe jambo la kumpimia mtu: maelezo ya mistari mitano juu ya kazi aliyoifanya kila anayependekezwa, yasomwe kwa sauti katika kila tawi kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Linalofuata ni gumu zaidi, hasa katika vyama vya familia za kambini. Kura ya kunyoosha mikono haifai. Mke wa koplo hatanyoosha mkono wake bila kutazama kwanza mkono wa mke wa meja uko wapi, na hakuna wa kumlaumu. Wakenya walilionja jambo hilo kwa kipimo kikubwa mwaka 1988, wakati wa uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walipotakiwa kupanga mlolongo nyuma ya wakala au picha ya mgombea. Kila jirani alimwona jirani yake, na malalamiko yaliyofuata hayakukoma mpaka utaratibu huo ulipoachwa.

Dawa yake haihitaji fedha. Vikundi vya akiba vya mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambao huko Burundi umejulikana kwa jina la Nawe Nuze, vimezoea kuwachagua viongozi wao kwa vijiwe. Kila anayependekezwa ana mfuko wake wa rangi mahali palipositirika, na mpiga kura huingia peke yake akatumbukiza. Mifuko hiyo hiyo yaweza kutumika kumchagua mtoa mada, na asiyejua kuandika anapiga kura sawa na mwalimu wa sekondari.

Iko pia hesabu, ambayo watu huipuuza. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 200, wa Gitega 120 na wa Muyinga 80. Majina matatu yamependekezwa, na kila mtu ana kijiwe kimoja. Ofisa wa benki apata kura 74, mjuzi wa ardhi 66, mfanyabiashara wa mpakani 60. Ofisa ameshinda, ilhali watu 126 walimtaka mwingine. Afadhali kila mwanachama apewe vijiwe vitatu, na atumbukize kimoja katika mfuko wa kila mtu ambaye yuko radhi kumsikiliza, vingine abaki navyo. Atakayeongoza hapo ni yule anayekubaliwa na wengi, hata kama hakuwa chaguo la kwanza la kila mmoja. Na kama nafasi za kuzungumza ni mbili, basi nafasi moja ihesabiwe kwa kura za Muyinga peke yake. Bila hivyo watu 80 watashindwa na watu 120 mwaka hadi mwaka, na siku moja wataacha kulipa nauli.

Kamati haipotezi kazi. Yenyewe ndiyo huuliza kama waliopendekezwa wako tayari, kabla mifuko haijatundikwa, maana ni fedheha kumchagua mtu asiyekuwapo nchini. Huhakikisha pia kwamba hakuna anayekuja kuuza dawa au mikopo yake kwa kisingizio cha kufundisha. Hesabu ya kura za kila mfuko huandikwa katika kumbukumbu za kikao na kusomwa mbele ya wote, ili aliyeshika nafasi ya pili ajulikane na aweze kuitwa pasipo mabishano endapo wa kwanza atapata dharura. Na barua ya mwaliko ipelekwe pamoja na yale maswali ya wanachama, yakiwa yamenakiliwa kama yalivyoulizwa, ya Gitega na ya Muyinga, pamoja na dakika alizopewa mtoa mada na dakika zilizotengwa kwa ajili ya kumhoji.