Wazazi, chungeni 'radi' za kujitengenezea nyumbani

VIJANA wengi wapendao mambo ya umeme wana hamu ya kujitengenezea koili ya Tesla, chombo kinachorusha cheche ndefu mithili ya radi. Nikola Tesla alikibuni mwaka wa 1891 huko New York, na hadi leo ni kivutio katika maonyesho ya sayansi. Si nia yangu kuwavunja moyo vijana hawa, kwani taifa linahitaji wahandisi kama linavyohitaji madaktari. Ninachopinga ni mwanagenzi kujiundia nyumbani vile vifaa vya volti za juu vinavyokiendesha chombo hicho.

Wengi huogopa cheche za juu. Kumbe kiuaji kimejificha chini. Umeme wa nyumbani wa volti 240 sharti kwanza upandishwe na transfoma hadi maelfu ya volti, kisha uhifadhiwe katika kapasita kabla ya kuachiliwa kwa ghafla. Kwa kuwa vifaa hivyo ni ghali, kijana hufungua maikrowevu kuukuu akatoa transfoma yake. Kapasita naye huiunda kwa chupa zilizojazwa maji ya chumvi na kuzungushiwa karatasi ya alumini.

Transfoma hiyo hutoa volti zipatazo 2,000, na mkondo wake waweza kufikia nusu ampia au zaidi. Moyo wa binadamu waweza kuvurugika na kuacha kusukuma damu ukipitiwa na sehemu moja tu ya kumi ya ampia. Baadhi ya wachonga mbao wa Marekani walikuwa wakitumia transfoma kama hizo kuchomea mapambo kwenye mbao. Watu walifariki, na mwaka wa 2017 chama chao kikapiga marufuku mtindo huo katika shughuli zake.

Isitoshe, ile swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja haitamwokoa, kwani haitambui mkondo ulio upande wa pili wa transfoma. Kapasita nayo hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Wapo wanaodai kwamba cheche za juu hazidhuru kwa sababu umeme wake hupita juu ya ngozi tu. Hayo si kweli. Neva hazihisi umeme unaogeuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo mtu huenda asisikie mtikiso ilhali nyama zinaungua. Umeme wa aina hiyo ndio madaktari wa upasuaji hutumia kukatia nyama na kuzuia damu, tangu Cushing alipotumia mashine ya Bovie huko Boston mwaka wa 1926.

Tufanyeje basi? Kukataza bila maelezo hakufai. Kijana atajificha afanye usiku, na aliye peke yake hana wa kumzimia swichi. Maoni yangu ni kwamba mwanagenzi aanze na koili ndogo ya betri ya volti 9 au 12. Kazi ya volti za juu ifanyiwe katika maabara ya shule, mbele ya mwalimu wa fizikia aliye na ujuzi huo. Mzazi naye akiona maikrowevu iliyobomolewa chumbani mwa mwanawe, aulize ni ya nini. Mchezea tope humrukia.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa hapumui, ita msaada na umkandamize kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Na hata akiinuka akidai yu mzima, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kidonda cha umeme huwa kidogo juu ya ngozi huku misuli ya ndani imeungua, na sumu ya misuli hiyo yaweza kuharibu figo. Mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje asubuhi.