Orodha ya Kocha

"Unacheza mchezo gani?" Hilo lilikuwa swali la kwanza la mshauri wa shule, nami nilikuwepo, nimeketi kando ya mwanangu, mwezi wa Septemba 2022, katika jimbo la Maryland huko Marekani. Mjukuu wangu alikuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Alikuja na alama zake mkononi, na mimi niliyesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne naweza kuzitolea ushahidi kuwa zilikuwa alama za mtoto anayeelewa, si za mtoto anayekariri. Alitaka kusoma katika kimoja cha vyuo vile vidogo vya kaskazini-mashariki ambavyo sifa yake imevuka bahari. Akajibu kwamba hachezi mchezo wa mashindano, ila anaimba kwaya. Yule mama mshauri, mtu mpole asiye na hila, akaandika jambo katika karatasi yake, akasema, "Basi itakuwa vigumu kidogo."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za jambo hili kwa hasira. Msomaji aniwie radhi hasira hiyo ikijitokeza.

Vyuo ninavyovisema ni vya aina ya Williams, Amherst, Bowdoin na Swarthmore. Kila kimoja kina wanafunzi wapatao elfu mbili, au chini ya hapo, na wanaoomba ni maelfu kwa maelfu, hata anachukuliwa mmoja katika kumi au pungufu. Katika michezo, vyuo hivi vimo katika daraja la tatu la vyuo vya Marekani, ambalo sheria yake inakataza kumpa mwanafunzi ufadhili wa fedha kwa ajili ya mchezo. Hapo ndipo wanapojipiga kifua. Watakwambia: sisi hatununui wachezaji kama vyuo vikuu vile vya televisheni. Ni kweli, kwa fedha hawanunui. Wananunua kwa nafasi ya kusoma, nayo ndiyo mali adimu kuliko fedha.

Mambo huenda hivi. Kocha huwazungukia vijana mashindanoni, akachagua anaowataka. Majira ya kiangazi, kabla ya mwaka wa mwisho wa shule kuanza, hupeleka alama zao katika ofisi ya udahili, na ofisi humnong'oneza: huyu atafaa, huyu hapana. Anayefaa huambiwa aombe mapema, mwezi wa Novemba, kwa ahadi kwamba akikubaliwa hatakwenda kwingine. Desemba barua yake huwa mezani. Wengine wote, yaani kina mjukuu wangu, huja baadaye kugombea kilichobaki. Kijana mmoja wa darasa lake, mpiga makasia, alikwisha kujua mwezi wa Agosti kwamba atapokewa. Simsemi vibaya, ni kijana wa adabu, na ndiye aliyenibebea sanduku langu nilipofika.

Sasa tufanye hesabu ndogo, ile ya darasa la tano. Chuo Kikuu cha Michigan kina wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya elfu thelathini. Timu yake ya futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na kukumbana, ina vijana mia na ushei. Katika bahari ile huwezi hata kuwaona. Chukua sasa chuo cha watu elfu mbili chenye timu ya vijana sabini na tano, na baada ya hiyo kina timu nyingine zaidi ya ishirini na tano, za wavulana na za wasichana. Karibu mwanafunzi mmoja katika watatu atakuwa mchezaji wa timu. Kwa hiyo chuo kidogo chenye ngoma na mashairi katika picha zake za matangazo kimefungwa na michezo kuliko vile vikubwa vyenye uwanja wa watu laki moja. Nani angedhani?

Si maneno yangu. William Bowen, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Princeton tangu 1972 hadi 1988, alitoa kitabu mwaka 2001 pamoja na James Shulman, wakiwa na takwimu za maelfu ya wanafunzi. Katika chuo kimoja kisichotoa fedha za michezo, walilinganisha waombaji wenye alama zilezile za mtihani. Faida ya mvulana aliyeorodheshwa na kocha ilikuwa asilimia 23 mwaka 1976. Ikawa 30 mwaka 1989. Ikafika 48 mwaka 1999. Kwa wasichana mwaka huo ilikuwa 53. Mwaka huohuo faida ya mtoto wa mhitimu wa zamani ilikuwa 25, na ya mtoto wa jamii za wachache, ambazo Wamarekani wamepelekana mahakamani miaka nenda miaka rudi kwa sababu yao, ilikuwa 18 tu. Mwaka 2003 Bowen akatoa kitabu cha pili, akaonyesha kwamba walioorodheshwa na makocha walipata alama za chini kuliko zilivyotarajiwa kwa mitihani yao ya kuingilia. Lakini wale waliojiunga na timu wenyewe, bila kuitwa na kocha, hawakuwa na upungufu huo. Nataka hili lishikwe vizuri, kwani nikisema nasikia watu wakidai kwamba mzee huyu anachukia michezo. La hasha. Mwenye kucheza kwa kupenda hakuchukua kiti cha mtu.

Na ni michezo gani hiyo? Kupiga makasia. Skwoshi. Lakrosi. Mashua za matanga. Kupigana kwa vitara. Mtoto wa dereva wa basi anajifunzia wapi mashua za matanga? Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani ilimfikisha mahakamani mtu aitwaye William Singer, aliyekuwa akiwauzia matajiri nafasi katika vyuo kama Yale, Stanford na Georgetown. Alipotaka mlango wa kupitisha watoto hao, alikwenda kwa makocha. Kocha wa mashua za matanga, kocha wa kandanda ya wanawake. Watoto ambao hawajagusa mpira walitengenezewa picha za uongo wakicheza. Mwaka 2023 Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Watu walistaajabia rushwa. Mimi nilistaajabia kwamba mlango wenyewe ulikuwa halali, yeye kosa lake ni kughushi funguo.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliviharamishia vyuo kutazama asili ya mwombaji. Amherst, kwa upande wake, ilikwisha kuacha mwaka 2021 kuwapendelea watoto wa wahitimu wake, na ninaisifu kwa hilo. Orodha ya kocha haikuguswa na mahakama, wala haikuguswa na Amherst.

Nilipomweleza haya rafiki yangu mmoja, naye mwalimu mstaafu, alinijibu kwa jina moja: Nyambui. Suleiman Nyambui wetu alikwenda El Paso, Texas, akapewa masomo kwa ajili ya miguu yake, na mwaka 1980 akaileta Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Sawa kabisa. Lakini kile ni chuo kikuu cha jimbo, maelfu ya wanafunzi, na mkataba wake ulikuwa wazi: wewe utakimbia, sisi tutalipa. Akanitajia pia mradi ulioanzishwa Iten mwaka 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji wa Kenya, pamoja na John Manners, wa kuwapeleka vijana maskini wa Bonde la Ufa katika vyuo hivihivi vinavyochuja. Waombaji walikuwa wakikimbizwa mita 1,500 ili kuona kama mbio zingewasaidia. Lakini soma vizuri habari zao: hao ni vijana waliofaulu juu kabisa katika mitihani ya Kenya, na wengi waliingia kwa alama. Kwa hesabu ya vyuo vile, hao ni wachache kama nyota za mchana. Wanaotolewa mfano ni wao. Wanaojaza mashua ni wengine.

Nina sababu nyingine ya kulijua jambo hili, nami sitaificha. Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni, na kitanda kimoja kilikuwa wazi kidato cha pili. Barua za uhamisho zilikuja mbili. Moja ilikuwa ya kijana aliyeongoza darasa lake, aliyeletwa na baba yake kwa baiskeli mwendo wa siku nzima. Nyingine ya mshambuliaji ambaye nilimwona kwa macho yangu akitufunga mabao matatu. Mashindano ya UMISSETA yalikuwa karibu. Nilimwambia yule baba kwamba shule imejaa. Alinishukuru, akageuza baiskeli. Baada ya wiki moja mshambuliaji alifika na godoro lake. Sikuona kuwa nimefanya kosa. Nilisema ni kwa heshima ya shule, na walimu wote wakaniunga mkono. Ndiyo maana nikisoma maneno ya wakuu wa vyuo wa Marekani kuhusu moyo wa ushirikiano na roho ya chuo, nayatambua. Nimeyasema mwenyewe.

Wanadai haiwezekani kufanya vingine. Mbona Swarthmore iliifuta timu yake ya futiboli Desemba 2000, kwa sababu hiyohiyo ya nafasi, wahitimu wakapiga kelele, na chuo kingali kinasimama? Chuo cha MIT kina timu zaidi ya thelathini na hakiwatengei makocha nafasi. Na Caltech, chenye wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao elfu moja tu, hakikulegeza masharti kwa ajili ya mpira: timu yake ya kikapu ya wanaume ilifungwa michezo 310 mfululizo ya ligi yake, tangu 1985 hadi Februari 2011, iliposhinda kwa 46 kwa 45. Miaka ishirini na sita ya kufungwa! Sijasikia kwamba fizikia yao iliumwa.

Mjukuu wangu aliwekwa katika orodha ya kusubiri, kisha akaambiwa nafasi zimekwisha. Siwezi kuthibitisha kwamba kiti chake kilichukuliwa na mtu fulani, wala sisemi hivyo. Anasoma sasa katika chuo kikuu cha jimbo, na ameniambia, "Babu, yaache." Sikuyaacha. Mei 2023 nilikiandikia chuo kile barua kwa mkono wangu, nikiuliza swali moja: katika nafasi zenu za mwaka huu, ngapi zilikwisha kutolewa kwa orodha za makocha kabla mjukuu wangu hajajaza fomu? Jibu lilifika baada ya wiki sita. Ilikuwa kadi nzuri, karatasi nzito, ikinishukuru kwa kuvutiwa na chuo chao. Upande wa mbele ilikuwa na picha ya vijana wanane wakipiga makasia.