UCHAMBUZI: Mabeki wetu watapumulia wapi kasi ikizidi?

YEYOTE apitaye Waithaka jioni ya Jumamosi hakosi kuwakuta vijana wakisakata gozi kwenye kiwanja cha udongo mwekundu kilichoinama upande mmoja. Mpira ni mmoja tu. Beki akizidiwa huubutua kwa nguvu zake zote, ukavuka njia na kutua katika shamba la watu, kisha mtoto hutumwa kuufuata. Kwa muda huo wote, pengine dakika nzima, mabeki hushika magoti, huvuta pumzi, hulaumiana kidogo na kujipanga upya. Mtoto akirejea, mchezo unaendelea.

Mapumziko hayo hayamo katika sheria yoyote ya kandanda, lakini ndimo walimolelewa wengi wa mabeki wetu. Tatizo ni kwamba Kasarani hakuna shamba la mahindi. Ugani kule mipira imepangwa kandokando ya chaki. Ukitoka mmoja, mwingine hurushwa kabla beki hajageuza shingo, na adui huwa ameshaanza upya. Timu zinazocheza kwa kasi leo hazitegemei mbio za miguu pekee. Silaha yao kubwa ni kumnyima mpinzani muda wa kufikiri.

Watunga sheria nao wameegemea upande wa kasi. Tangu mwaka 2022 kubadilisha wachezaji watano kumekuwa sheria ya kudumu, kumaanisha kocha anaweza kuingiza mawinga wapya dhidi ya beki aliyekimbia dakika 70. Kuanzia Julai 1, 2025, kipa anayeshikilia mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huadhibiwa kwa kona. Sheria ya awali ya sekunde sita ilikuwepo vitabuni, ila marefa wachache mno waliitekeleza. Hii ya sasa mwamuzi anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, hadhira nzima ikitazama.

Wapenzi wa Harambee Stars hawajasahau maana ya kunyimwa pumzi. Jijini Cairo, Julai 1, 2019, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya iliizuia Senegal kwa saa moja. Kipa Patrick Matasi aliokoa hata penalti ya Sadio Mané, na timu zikaenda mapumzikoni zikiwa 0-0. Kisha Ismaïla Sarr akafunga dakika ya 63, Mané akaongeza la pili dakika ya 71, na la tatu, la penalti, likaja dakika ya 78 huku Philemon Otieno akionyeshwa kadi nyekundu. Mabao matatu katika muda wa dakika 15. Wapo waliosema siku ile kwamba vijana wa kocha Sébastien Migné walikosa moyo. Sikukubaliana nao wakati huo wala sasa. Moyo walikuwa nao. Walichokosa ni mahali pa kuuweka mpira walipoupata. Kila walipoubutua ulirudi baada ya sekunde chache, na safari hii hakukuwa na mtoto wa kutumwa shambani.

Linganisha na Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipoandaliwa Kenya, Tanzania na Uganda. Dhidi ya Angola, Agosti 7, Marvin Nabwire alilishwa kadi nyekundu dakika ya 21 matokeo yakiwa tayari 1-1, na hivyo ndivyo mechi ilivyoisha. Siku tatu baadaye Ryan Ogam aliifungia Kenya bao dhidi ya Morocco, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa. Kenya ilishinda 1-0. Ukijumlisha, vijana wa Benni McCarthy walicheza zaidi ya dakika 110 wakiwa kumi uwanjani katika mechi hizo mbili bila kufungwa hata bao moja, na Morocco hao ndio waliolinyanyua kombe mwishoni mwa mwezi.

Walifanyaje? Walipunguza mambo ya kuamua. Timu yenye wachezaji kumi haina anasa ya kukimbizana na kila mpira. Hujikunja katika mistari miwili iliyokaribiana mbele ya kipa, humwachia adui pembeni, na humlazimisha arushe krosi kwa watu waliokwisha kusimama. Beki aliyesimama mahali pake hahitaji kumshinda mtu mbio. Wala hahitaji hotuba, neno moja kutoka kwa nahodha linatosha: “Panda!”, “Rudi!”, “Mtu!” Anayesubiri maelezo marefu atayasikia mpira ukiwa wavuni.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke nje ya kandanda kidogo, kwa maana wenzetu wa Marekani walikumbana na tatizo hili zamani, katika ule mchezo wao wa helmeti na mpira wa mikononi. Kwa kawaida, baada ya kila jaribio, upande unaoshambulia hukusanyika duarani kupewa maagizo, nao walinzi hupata nafasi ya kubadilisha watu na kupumua. Kisha makocha wakagundua kwamba duara hilo si lazima. Cincinnati walilifuta mara kwa mara katika msimu wa 1988, na walipokutana na Seattle katika mchujo, mlinzi mmoja wa Seattle akawa anaanguka chini kila mara kana kwamba ameumia, ili saa isimame. Ndiyo dawa ile ile ya kipa wetu anayelala nyasini timu ikiongoza. Cincinnati walishinda, licha ya maigizo hayo.

Dawa iliyofanya kazi ilikuja Januari 27, 1991, mjini Tampa. Buffalo, waliokuwa wakiwatesa wote kwa kasi isiyo na duara, walikutana na Giants wa New York katika fainali. Bill Belichick, aliyesimamia ulinzi wa Giants, alikubali kuwaachia Buffalo wakimbie na mpira mkononi, mradi wasiurushe mbali. Ila sehemu kubwa ya ulinzi siku ile ilifanywa na washambuliaji. Walikaa na mpira, wakatembea polepole, wakala saa. Katika dakika 60 za mchezo, Giants waliumiliki kwa dakika 40 na sekunde 33. Walishinda 20-19. Kasi ya Buffalo haikupungua. Ilikaa tu kando ya uwanja ikisubiri zamu.

Nikirudi nyumbani, nusu ya kwanza ya somo hilo Kenya imeielewa. Kujikunja tunajua. Nusu ya pili, ya kupumzika tukiwa na mpira miguuni, bado. Tazama robofainali ya Agosti 22 dhidi ya Madagascar. Alphonce Omija alifunga mapema kipindi cha pili, uwanja ukalipuka, na kazi iliyobaki ilikuwa kuufanya mchezo uwe mrefu na wa kuchosha kwa wageni. Badala yake wageni walisawazisha kwa penalti, na baada ya dakika 120 wakapita kwa mikwaju 4-3. Wala haikupita muda. Septemba 5, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Gambia yenye winga mwepesi Yankuba Minteh ilikuja Kasarani ikaondoka na ushindi wa 3-1. Kweli kikosi hakikuwa kile kile, maana CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa wa ukoo mmoja: mpira ulinyakuliwa, ukapotezwa, na mabeki wakageuzwa upya kabla hawajapanga mstari.

Hili lina uzito kwa sababu Kenya imekabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na majirani wawili wale wale. Wenyeji hawasumbuki kufuzu, nao wapinzani hawatawahurumia kwa hilo. Kina Sarr wengine watafika. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache kabla ya mechi, na siku chache hazitoshi kumfundisha mtu wa miaka 25 kutulia na mpira akiwa amebanwa na watu wawili. Hayo hufundishwa akiwa na miaka 12, na huko ndiko fedha za kandanda zetu hufika zikiwa zimekonda.

Jumamosi iliyopita nilisimama kando ya kile kiwanja cha Waithaka. Beki mmoja, mdogo kwa umbo kuliko wenzake, alipokea mpira golini kwake akiwa amezingirwa. Watazamaji wakapiga kelele, “Piga! Piga mbele!” Hakupiga. Alimpa kipa, akasogea hatua tatu pembeni, akaupokea tena, akampa kiungo. Mzee mmoja karibu nami alifoka kwamba mtoto huyo atawafungisha. Pasi ya nne ilipotea, bao nusura liingie, na kocha wake, kijana mwenye filimbi shingoni, akamwita kando. Nilisogea nisikie atakavyomgombeza. Alimuuliza tu kwa nini kiungo alikuwa amempa mgongo, kisha akamrudisha uwanjani pale pale.