KAZI ZA MIKONO: Biti Butu Haijafa

Wazee walinena ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, katika karakana nyingi ndogo zilizo nyuma ya nyumba za watu, huonekana kopo lililojaa biti za keekee ambazo mwenyewe amezikatia tamaa. Hazikuvunjika wala hazikupinda. Kosa lao ni kuwa butu tu, na mwenyewe amekwenda dukani kununua nyingine kwa fedha ambayo ingemfaa kwa mbegu au kwa karo ya watoto.

Lakini wako wengine ambao hawatupi. Wao hunoa, tena hunoa vibaya. Hasara ya hawa yaweza kuwa kubwa zaidi.

Karani mmoja mwenye shamba lake alitaka kutoboa kipande cha chuma cha kufungia mnyororo wa plau. Mvua zilikuwa zimekwisha anza, na majirani walikuwa wakilima. Biti yake ya inchi 3/8 ililia na kutoa moshi pasipo kuingia. Akaipeleka kwenye jiwe la kunolea, akaisugua kwa haraka hata iking'aa. Mara hii ilitoboa upesi, naye akafurahi. Lakini alipotia bolti ya inchi 3/8, ilicheza tunduni kama mchi ndani ya kinu. Akakaza nati kwa nguvu zake zote, akaona yatosha. Siku ya tatu ya kulima bolti ikakatika katikati ya shamba. Ng'ombe wakasimama, na siku mbili za unyevu mzuri zikapita bure.

Jioni alimwendea mjomba wake, fundi wa chuma wa miaka mingi, akiwa na biti ile mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Biti hii ni mbovu. Imetoboa tundu kubwa kuliko unene wake."

"Marahaba, mpwa wangu. Biti haina kosa. Tazama ncha yake mbele ya taa, kisha uniambie kama makali yake mawili yana urefu mmoja."

Kijana akatazama, na kweli upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili.

Hilo ndilo jambo ambalo kila mwenye keekee apaswa kulielewa. Biti yenye msokoto ina makali mawili yanayokutana kwenye ncha. Yakiwa sawa, ncha hukaa katikati kabisa, na kila upande hukata sehemu yake. Yakiwa si sawa, ncha huhama kando. Hapo biti huzunguka kama gurudumu ambalo ekseli yake haiko katikati, na tundu hutoka pana kuliko biti yenyewe. Biti butu hukataa kazi waziwazi, lakini iliyonolewa upande huikubali kazi na kuiharibu.

Kunolewa ni sehemu ya maisha ya biti tangu ilipobuniwa. Zamani mafundi walitumia biti bapa zilizofuliwa na wahunzi, na nyingi kati ya hizo zilipungua upana kila ziliponolewa. Mwaka 1863, Stephen Morse wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya biti yenye msokoto. Mifereji yake miwili hutoa nje vipande vya chuma vilivyokatwa. Tena, kwa kuwa mwili wake una unene karibu ule ule toka ncha hata karibu na shina, inaweza kunolewa mara nyingi ikapungua urefu tu, na bado ikatoboa tundu la kipimo kile kile.

Fundi yule mzee alimwonyesha mpwa wake kazi yenyewe pole pole. Kwanza alivaa miwani ya kukinga macho, akakunja mikono ya shati, akaweka mbali kila kitambaa kinachoweza kunaswa na jiwe. Akashika shina la biti kwa mkono wa kulia. Vidole vya mkono wa kushoto vilishika karibu na ncha, vikiegemea kile chuma kilicho mbele ya jiwe. Biti haikuelekezwa moja kwa moja. Ilikaa mshazari, ikifanya pembe ya digrii 59 na uso wa jiwe. Pande zote mbili zikinolewa hivyo, ncha nzima huwa na digrii 118, kipimo kinachofaa kwa kazi nyingi za chuma cha kawaida.

Ukali uliotazama juu ulilazwa sawasawa na ardhi, ukaguswa kwenye jiwe kidogo tu. Hapo hapo fundi akashusha shina taratibu, akilizungusha kidogo kuelekea kulia, hata jiwe likafika nyuma ya ukali, mahali panapoitwa kisigino. Kusudi la kushusha shina ni kukifanya kisigino kiwe chini kuliko ukali, kwa kiasi cha digrii 8 hadi 12. Kisigino kikiwa juu, biti husugua tu na kupata moto, hata kama makali yake yang'aa kama wembe. Shina likipandishwa badala ya kushushwa, ndipo kosa hilo hutokea.

Baada ya hapo biti ilipinduliwa nusu mzunguko, na upande wa pili ukapewa idadi ile ile ya miguso, kwa uzito ule ule wa mkono. Mzee alihesabu kwa sauti: miwili huku, miwili huku.

"Mbona twaenda polepole hivi, mjomba?"

"Kwa sababu jiwe haliwezi kurudisha lilichokula."

Pana jambo la moto pia. Biti za kale za chuma cha pua cha kawaida hupoteza ugumu zikipata moto mwingi. Zikigeuka rangi ya buluu, sehemu ile imelainika na yapasa kuondolewa yote. Hizo huchovywa majini mara kwa mara wakati wa kunolewa. Biti zenye herufi HSS hustahimili moto mkubwa zaidi, karibu digrii 600 za sentigredi, lakini zikiwa na moto mkali zisitiwe majini ghafula, maana zaweza kupata nyufa ndogo. Dawa yake ni kugusa jiwe kidogo na kuziacha zipoe hewani.

Asiye na kipimo cha pembe asikate tamaa. Achukue nati mbili za pembe sita zilizo sawa, azibananishe ubavu kwa ubavu. Pale zinapokutana hupatikana pengo la digrii 120, ambalo ni karibu sana na 118. Ncha ya biti ikiwekwa humo mbele ya mwanga, makosa ya pembe huonekana mara moja. Urefu wa makali hupimwa kwa rula ndogo.

Shahidi wa mwisho ni chuma chenyewe. Biti iliyonolewa vema, ikitoboa chuma laini, hutoa vipande vilivyojisokota katika mifereji yote miwili. Vikitoka upande mmoja tu, ukali mmoja ndio unaofanya kazi na wa pili unafuata bure. Hapo ni heri kurudi kwenye jiwe kuliko kuendelea.

Ncha yaweza pia kubadilishwa kufuata kazi. Chuma kigumu hutaka ncha butu zaidi, ya digrii 135 hivi. Shaba nyeupe huivuta biti ndani kwa nguvu, hata ikaweza kukirusha kitu kinachotobolewa; kwa hiyo mafundi husugua uso wa kila ukali kidogo ili usichimbe mno. Chuma cha kawaida hutobolewa kwa mafuta, bali chuma cha kalibu hutobolewa kikavu. Na kila kipande kifungwe katika jiliwa, kisishikwe kwa mkono.

Jioni ile karani alitoboa kipande kipya kwa biti ile ile aliyoiita mbovu. Bolti iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, isicheze hata kidogo. Mjomba wake hakumsifu. Alichukua kopo la biti butu lililokuwa rafuni, akaliweka mbele yake.

"Humu zimo kumi na tisa," alisema. "Anza na ile nene. Nyembamba ni za mtu aliyekwisha zoea."