Sauti Laini Isiyochujuka

Jumamosi moja jioni mpwa wangu alinijia nyumbani hapa Ukunda, gitaa mgongoni na karatasi mkononi. Zamani Wadigo tulirithi upande wa mama, na hata leo, ingawa mambo mengi yamebadilika, mtoto wa dada akifikwa na jambo zito humwendea mjomba wake kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una nini leo? Mbona uso unacheka na jicho linaogopa?"

"Mjomba, nimepata mtu wa kunirekodi. Anataka nitie sahihi hapa kesho asubuhi."

Msomaji mpenzi, kijana huyu huimba kwenye hoteli moja kule ufuoni Diani, wakati watalii wanapokula chakula cha jioni. Ana sauti tulivu. Hapigi makelele wala haruki-ruki. Nikamuuliza ni wimbo gani wageni huuomba zaidi. Akacheka. "Malaika, mjomba. Kila usiku. Wengine huomba mara mbili."

"Na unajua ni wa nani?"

"Si wa Miriam Makeba?"

Sikumkasirikia, kwani si yeye peke yake. Nilimwambia aweke karatasi yake chini, amwombe shangazi yake chai, kisha anisikilize. Niliyomwambia ndiyo ninayowaletea leo.

Mwimbaji aliyeutia wimbo ule kwenye santuri kwa mara ya kwanza ni Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938. Jina Mdawida lenyewe lakwambia atokako. Alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa kundi la Jambo Boys, na karibu mwaka 1960 wakaurekodi Malaika. Mwaka 1963 akaurekodi tena, safari hii na kundi la Black Shadows, katika studio za Equator Sound mjini Nairobi, zilizoendeshwa na Charles Worrod. Huo ndio uliosambaa.

Equator haikuwa mahali padogo. Bendi ya studio ile, ambayo Fadhili aliiongoza, ilikusanya vijana waliokuja kuwa vigogo: Daudi Kabaka mwenye twisti zake, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Nyimbo zao zilivuka bahari. Helule Helule wa Kabaka ulichukuliwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Fadhili naye alikuwa na nyingine nyingi, kama Taxi Driver, lakini Malaika ndio uliompita mwenyewe mbio.

Hebu tazama ulivyosafiri. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya pamoja, na mwaka uliofuata santuri hiyo ikatunukiwa Grammy kule Marekani. Mwaka 1981 Boney M wakautoa kwa mtindo wa disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin naye akautia katika albamu yake ya Logozo. Yaani kijana wa Kitaita aliimba kwa Kiswahili, na watu wasiojua hata neno moja la lugha hii wakauimba nyuma yake.

Mpwa wangu akauliza: "Kwani una nini wimbo huu, mjomba? Mbona ni rahisi tu?"

Hapo ndipo palipo siri. Wamarekani weusi wana muziki wao wa roho, wanaouita soul, uliotoka kanisani ukaingia katika mapenzi. Sam Cooke, aliyeanza kwa nyimbo za dini, alipoimba You Send Me mwaka 1957, hakumpigia mtu kelele. Aliimba kama mtu aliyeketi karibu nawe akikwambia jambo lake. Kwetu Pwani nasi tuliwahi kuwa na soul yetu: Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa walikuwa moto katika miaka ya 70. Fadhili hakujiita mwimbaji wa soul, na gitaa lake lilikuwa la kwetu. Lakini njia ni ile ile: sauti laini, maneno machache, na moyo mbele.

Nakumbuka nikiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 70, redio ya marehemu baba ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa ghali. Baba alikuwa haraka kuizima. Lakini Sauti ya Kenya ilipoupiga wimbo ule, mkono wake ulisimama. Mama naye alinyamaza jikoni. Sikujua kwa nini. Nilipokua ndipo nilipoambiwa kwamba baba alichelewa kuoa miaka minne kwa sababu ya mahari.

Na hiyo ndiyo habari ya wimbo wenyewe: kijana anampenda msichana, anatamani kumwoa, lakini mfukoni hamna kitu. Basi. Hakuna aliyefanya ubaya. Msichana hakumkataa, wala hakuna adui wa kulaumiwa. Umaskini tu umesimama katikati. Ni nani hapa Ukunda, au Msambweni, au Lunga Lunga, ambaye hajaona jambo hilo katika ukoo wake? Vijana wangapi leo wanahesabu shilingi za bodaboda usiku wakipiga hesabu ya mahari? Wimbo wenye kulia kwa sauti kubwa ungechosha. Huu unanung'unika kwa heshima, kama afanyavyo mtu mwenye haya. Ndiyo maana mzee huusikiliza na kijana huusikiliza, na hapana mzazi anayeona aibu ukipigwa mbele ya watoto.

Jambo la pili ni Kiswahili chake. Maneno ni mepesi, yanasikika moja moja, hayamezwi na ngoma. Jambo la tatu ni kwamba hauhitaji mwimbaji bingwa. Mama akimbembeleza mtoto anauweza, na mlevi akirudi nyumbani anauweza. Kitu kinachoingia kinywani mwa kila mtu hakizeeki upesi.

Lakini msomaji mpenzi, kila chenye uzuri kina upande wake wa uchungu. Wimbo huu uligombaniwa. Fadhili alishikilia kwamba ni wake. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kwamba ndiye aliyeutunga, miaka ya 40, kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Wengine pia walijitokeza. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba wakati wenyewe walipokuwa wakivutana, wimbo ulikuwa ukizunguka dunia na kuwaletea wengine riziki. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarejea nyumbani, akafariki Februari 2001. Hakufa na utajiri unaolingana na wimbo ule.

Nilipofika hapo, mpwa wangu alikuwa ameshainua karatasi yake. Tukaisoma pamoja. Ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza kigumu, lakini maana yake ilikuwa nyepesi: nyimbo tatu alizotunga mwenyewe, haki zote, milele, kwa malipo ya mara moja ya shilingi 30,000.

"Elfu thelathini si haba, mjomba," akasema polepole. Na kweli si haba. Chumba anachopanga anadaiwa miezi miwili. Nami sikutaka kumdharau, maana mwenye njaa hahubiriwi.

Nilimwambia hivi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ile iliyounda Bodi ya Hakimiliki, inaulinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, ukitunga leo, wanao na hata wajukuu wako wanaweza kula jasho lako. Fahamu pia kwamba wimbo ni kitu kimoja, na ile sauti iliyorekodiwa ni kitu kingine, kila kimoja kina haki yake. Unaweza kumpa mtu ruhusa ya kuuza rekodi bila kumpa wimbo wenyewe. Unaweza kumpa kwa miaka mitano badala ya milele. Na unaweza kuusajili wimbo wako kwanza, ndipo ukazungumza naye.

"Hoteli zinakulisha leo," nikamwambia, "lakini kumbuka Agosti 1997, fujo za Likoni zilipowafukuza watalii, na kumbuka 2020, korona ilipofunga milango ya Diani. Siku kama hizo mwimbaji huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuambiwa akae nyumbani. Wimbo ulio wako hauambiwi ukae nyumbani."

Asubuhi akaenda kwa yule mtu, akamwomba aondoe neno la milele, na nyimbo zibaki zake. Mtu yule akacheka, akakunja karatasi, akasema waimbaji ni wengi, kutoka Tiwi hadi Shimoni. Hadi ninapoandika haya hajapiga simu.

Dada yangu amenijia juu. "Umemziba mwanangu riziki," alisema, na akakaa wiki nzima bila kunisalimu. Sina jawabu la kumtosheleza. Kodi ya chumba nimeilipa mimi mwezi mmoja, na wa pili bado. Huenda nimekosea. Mshauri hali hasara ya ushauri wake, anayeila ni mshauriwa. Lakini nikikumbuka mkono wa baba ukisimama juu ya redio, siwezi kuamini kwamba kitu chenye nguvu kama ile huuzwa kwa kodi ya vyumba.

Enyi wazazi wenzangu wenye vijana wa muziki, sisemi wasirekodi. Nasema wasitie sahihi usiku, wala peke yao, wala katika lugha wasiyoielewa. Wasome na mtu anayejua. Haraka haraka haina baraka, na kalamu haina kufuta.

Juzi nilipita hotelini kwake kumsikiliza. Nilikaa nje, upande wa wafanyakazi, mpishi mmoja akanipa kikombe cha chai. Wageni wakauomba wimbo ule ule kama kawaida. Lakini kabla ya kugusa gitaa, kijana alisimama akawaambia kwa Kiingereza chake cha Ukunda kwamba wimbo huu ulirekodiwa kwanza na Mkenya, mtu wa Taita, aitwaye Fadhili William. Kisha akauimba, kwa ile sauti yake isiyopiga makelele.

Mpishi aliacha kijiko hewani hadi ukaisha.

Tukijaaliwa, tukutane Jumapili ijayo.