Vijana wetu wa kompyuta: tumewaacha wale peke yao

 

Ndugu Waislamu, mwezi huu tunaomba ruhusa tuwazungumzie vijana ambao wengi wetu tunawatazama bila kuwaona. Ni wale wanaoandika programu za kompyuta na za simu, wawili watatu katika chumba cha kupanga, iwe Hamugembe, Kashai au Muleba mjini, wakitaraji kuanzisha kampuni zao wenyewe. Mchana hulala, usiku hukesha. Msikitini hawaonekani sana, na wakija husimama safu ya mwisho karibu na mlango. Sisi wahutubu huwataja pale tu tunapohitaji mfano wa mtu aliyepotezwa na intaneti.

Nasi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliowataja hivyo. Alikuwapo mwanafunzi wetu wa zamani, hodari wa nahau na sarafu, aliyeingia katika kazi hiyo. Siku moja mbele ya darsa nzima tulimwambia kwamba kazi yake ni laghwi. Alinyamaza, na tangu siku ile hakurudi. Baadaye tukasikia kwamba aliugua malaria siku tatu chumbani mwake, na jirani wa mlango wa pili hakujua. Tukaenda kumtazama kwa aibu.

Tulikuta meza moja, kompyuta mbili, nyaya sakafuni, na nyuma ya mlango mkungu mzima wa ndizi uliooza. Mama yake aliyeko Kamachumu humpelekea mkungu kwa basi kila baada ya wiki mbili. Tulimuuliza kwa nini hawapiki. Akajibu kwa adabu, "Ustadhi, ndizi zinataka kumenywa, zinataka mkaa, zinataka saa nzima. Chipsi ni dakika kumi." Basi wakawa wanaishi kwa chipsi mayai, biskuti na soda, kila mmoja akila kwa mkono mmoja na macho yako kwenye kioo. Na kazi yenyewe tuliyoiita laghwi ilikuwa nini? Programu ya kuandika uzito wa kahawa inayopimwa kwenye chama cha msingi, ili mkulima apate ujumbe kwenye simu yake papo hapo, asije akaambiwa kesho kwamba kilo zilikuwa pungufu. Nani kati yetu hapa Kagera hana baba au babu aliyewahi kulalamikia mizani?

Hakika tulijiona wadogo. Sisi tuliokaa miaka tukisoma kwa Kiarabu tulipaswa kukumbuka kwamba neno wanalolitumia vijana hawa kila siku, algorithimu, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, na kwamba aljebra ilichukuliwa kutoka kwenye jina la kitabu chake.

Turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Katika Sunan Abi Daud imo habari ya Sahaba waliomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula lakini hawashibi. Akawauliza kama hawali mbalimbali, na walipokiri akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na wamtaje Allah. Vijana hawa wanakula mbalimbali ilhali wamo chumba kimoja. Na ajabu ni kwamba mkoa wetu una chakula cha haraka kuliko chipsi. Senene waliokaangwa vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika, hawahitaji moto, na uhalali wao hauna shaka kwa anayejua kwamba Sahaba walikula nzige safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Dagaa wa ziwani hukaangwa kwa dakika chache. Katogo, ndizi na maharage katika sufuria moja, ikipikwa alasiri hutosha watu watano hadi usiku wa manane. Mwenye usingizi atafune kahawa ya kuchemsha, akamwani, kama wazee wanavyomkaribisha mgeni. Kahawa yenyewe ilienea kutoka Yemen mikononi mwa watu waliotaka kukesha katika ibada, ingawa baadhi ya nyiradi zao tuna maneno nazo. Hayo tuyaache leo.

Lakini katogo haimenywi na mtu mmoja aliyechoka.

Tuliona pia kwamba hawana kitabu hata kimoja cha kupumzisha akili. Wakichoka kutazama kioo kikubwa hugeukia kioo kidogo cha simu. Hapa tunatofautiana na ndugu zetu wanaosema kijana apewe vitabu vya dini tu. Ibnul Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 H (1201), mhubiri ambaye mawaidha yake yaliwaliza watu, ndiye huyo huyo aliyeandika kitabu kizima cha visa vya wapumbavu, na ndani yake akaeleza kwamba nafsi huchoka na huhitaji kuburudishwa. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 H (869), ameandika juu ya mabakhili na vyakula vyao kitabu ambacho sisi tulipokuwa wanafunzi tulikisoma tukijiziba midomo usiku tusiwaamshe wenzetu. Imepokewa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu ili alale humo akisoma. Huyo angewaelewa vijana wetu kabla hajauliza! Na kwa Kiswahili, aitafute hadithi ya Bwana Msa iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapwa mwaka 1960. Mpelelezi anayekaa kimya akitafuta kosa lilipojificha anafanya kazi ile ile ya mwenye kutafuta kosa ndani ya programu.

Ama wenzi wao, tukiri jambo moja. Kijana alituonyesha swali aliloliuliza kwenye intaneti saa saba usiku, na kabla ya alfajiri mtu asiyemjua, aliyeko nchi nyingine, alikuwa amemjibu kwa ufafanuzi na bila malipo. Wana desturi ya kupeana kazi zao bure ili mwingine aziendeleze. Kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza mwaka 2004 kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, katika mradi wa Kilinux. Ukarimu huo wa elimu tunauhubiri, wao wanautenda. Lakini mwenzi wa mbali hakujua kwamba aliyeacha kuuliza maswali kwa siku tatu alikuwa na homa. Wa kubisha hodi tulikuwa sisi.

Nairobi walifungua iHub mwaka 2010, mahali vijana wa namna hii wanakaa pamoja, wanakunywa kahawa na kusaidiana. Dar es Salaam nako kuna Buni Hub chini ya COSTECH. Wetu wa Kagera hupanda basi kwenda huko, na wengi hawarudi. Ndipo tunapopendekeza kwa kamati za misikiti ya Bukoba na Muleba: chumba cha madrasa, ambacho baada ya isha hufungwa kwa kufuli, kifunguliwe usiku mbili kwa wiki. Pawe na meza, rafu ya vitabu, na sufuria.

Tumekwisha kuambiwa kwamba msikiti si hoteli. Watu wa Suffa, akiwamo Abu Huraira (r.a.), walikaa na kulishwa wapi? Tumeambiwa pia habari za umeme. Kompyuta mpakato hula kiasi cha wati 50; kompyuta tano kwa saa nne ni uniti moja ya LUKU. Feni ya mihrabuni inayosahauliwa ikizunguka usiku kucha haijawahi kujadiliwa. Suala la mabinti ni zito zaidi, kwani wapo wanaoijua kazi hii na usiku hawatatoka. Wao watengewe chumba hicho Jumamosi asubuhi, chini ya usimamizi wa mwalimu wa kike, na si kuambiwa wangoje.

Tulimwomba radhi kijana yule mbele ya darsa ile ile tuliyomwaibishia. Amekubali kuja usiku wa kwanza, akileta na wenzake wawili, kwa sharti kwamba ndizi amenye mtu mwingine. Tumekubali.