Kabla ya kuchanga pesa za India, uliza mapafu yatatoka kwa nani

Ushawahi kulala vizuri, asubuhi ukajikuta umeongezwa kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya mgonjwa, nambari ya paybill na lengo la mamilioni? Huku Kaloleni tumezoea. Tukisikia mapafu ya mtu yameharibika, jibu letu ni moja: apelekwe India akabadilishiwe. Mimi nasema tupunguze mbio kidogo.

Madaktari huuita ugonjwa huu faibrosisi ya mapafu. Mapafu huota makovu ndani yakawa magumu, na oksijeni haipiti vizuri kuingia kwenye damu. Mgonjwa huhema akipanda kilima kidogo tu, hukohoa kikavu miezi na miezi, na wengine ncha za vidole huvimba. Kovu likishakaa halifutiki. Zipo dawa, pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, lakini zinapunguza kasi tu, haziponyi.

Mara nyingi chanzo hakijulikani, na wengi wanaoupata wamepita miaka 50. Usishushe pumzi bado. Vumbi la mawe nalo huacha makovu yake, na halichagui umri. Yale mawe ya Mazeras yanayopamba vibaraza vya watu mjini ni mawe ya mchanga, yana silika, na kuna kijana anayeyakata jua kali akiwa amejifunga leso puani. Leso haizuii vumbi lile laini linalofika ndani kabisa. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, tena bure. Umewahi kuviomba?

Turudi India. Kubadilishiwa mapafu si hadithi. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu vizuri ulifanyika Toronto mwaka 1983, na mgonjwa alikuwa na faibrosisi hii hii. Aliishi miaka 6 zaidi. Shida ni kwamba tunafikiria mapafu kama figo. Figo ndugu yako atakupa moja na nyote mtaishi. Mapafu karibu kila mara hutoka kwa mtu aliyefariki, na yakishatolewa yana saa chache tu. Kule India raia wao hupewa kwanza, mgeni husubiri. Nauli mtachanga, kitanda mtalipa, lakini hakuna paybill ya mapafu.

Na kusubiri kwenyewe ni kazi. Wanapima moyo, TB, mpaka meno. Wanakutembeza dakika 6 waone utafika wapi. Sigara uwe umeacha miezi mingi nyuma. Lazima uwe na mtu wa kukaa nawe huko, si wa kukusindikiza tu. Baadaye ni dawa kila siku maisha yako yote, na karibu nusu ya waliopandikizwa huishi miaka 6 hivi. Anayeweza, aende. Ila familia ijue hayo kabla ya kuuza shamba la minazi.

Pesa za kwanza ziende kwenye kujua. Kikohozi kikipita wiki 2, pima TB. Kama si TB na bado unakohoa, usikubali chupa nyingine ya dawa ya kikohozi: omba picha ya kifua, na ikibidi skani ya CT, hata kama ni kupanda matatu hadi Mombasa. (Na jamani, wiki zile tunazopoteza tukitafuta nani kamroga!) Kisha mashine ya oksijeni, na mtungi wa akiba, maana mashine inakula stima. Unakumbuka usiku wa 25 Agosti 2023 taa zilipozima karibu nchi nzima? Wewe ulilalamikia chaji ya simu.

Lililobaki ni gumu zaidi. Tunataka mapafu ya marehemu wa watu wengine, na sisi wa kwetu hatutaki hata kumtaja. Maiti lazima ifike nyumbani nzima. Naelewa, mimi pia ni wa huku. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mzima kutoa viungo vyake baada ya kifo, kwa wosia, kwa karatasi iliyotiwa sahihi, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Wazee wetu wa kaya, maimamu na wachungaji hawajaulizwa na vijana wao wanasema nini juu ya hilo. Mimi nitaanza na babu yangu, hata akinifukuza.